Uzoefu wangu wa ziara ya Thaba Bosiu na historia ya jeshi la Lesotho

Nililipia ziara ya kuongozwa ya Thaba Bosiu, mlima wenye kilele bapa ulio kilomita zipatazo 24 kutoka Maseru, kwa sababu tangazo lake liliahidi historia ya jeshi la Lesotho tangu mwanzo hadi leo. Mwanzo huo nilielezwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Hiyo "leo" haikufikiwa.

Sifa kuu ya ziara hii ni kwamba kiongozi wetu alieleza vita kwa kutuonyesha ardhi yenyewe. Tulipanda kwa njia ya Khubelu, mojawapo ya njia chache zinazopenya kwenye magenge yanayouzunguka mlima, naye akatusimamisha pale inapobana ili tuone wenyewe jinsi walinzi wachache wenye mikuki na mawe ya kuporomosha walivyoweza kuzuia kundi kubwa. Moshoeshoe wa Kwanza, mfalme mwanzilishi wa taifa la Wasotho, alihamia hapa na watu wake mwaka 1824, na juu kuna malisho na chemchemi, hivyo waliozingirwa hawakulazimika kushuka kutafuta maji. Wandebele wa Mzilikazi walipofukuzwa mwaka 1831, mfalme aliwapelekea ng'ombe wapate chakula cha safarini. Kiongozi alilihesabu tendo hilo kuwa sehemu ya ulinzi, nami nakubaliana naye, kwa kuwa Mzilikazi hakurudi tena kuushambulia mlima. Alituonyesha pia upande ambako Louw Wepener, kamanda wa Makaburu wa Orange Free State, aliuawa mwaka 1865 akijaribu kupanda. Kuhusu farasi na bunduki, ambazo kufikia mapigano ya Berea dhidi ya Waingereza mwaka 1852 zilikuwa zimewageuza Wasotho kuwa wapiganaji wa kuogopwa, alisema machache mno kwa maoni yangu.

Simulizi ilikomea kwenye kaburi la Moshoeshoe, aliyefariki mwaka 1870. Nilipouliza kuhusu jeshi la sasa, nilijibiwa kwa upole kwamba ratiba imeishia hapo, na hilo lilinisikitisha sana. Lesotho ilipopata uhuru tarehe 4 Oktoba 1966 haikuwa na jeshi, bali polisi tu, na ni kikosi maalumu cha polisi hao kilichokua hatua kwa hatua hadi kuwa jeshi. Mwaka 1970 kikosi hicho kilimsaidia waziri mkuu Leabua Jonathan kubaki madarakani baada ya kuufuta uchaguzi. Januari 1986 wanajeshi, chini ya Justin Lekhanya, walimwondoa Jonathan huyohuyo. Septemba 1998, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yalipoingia nchini, askari wa Lesotho walipigana nayo, pamoja na kwenye kambi ya Makoanyane, iliyopewa jina la shujaa wa vita wa Moshoeshoe. Ushujaa wa Makoanyane tulisimuliwa tukiwa mlimani kwa kirefu. Sentensi moja zaidi ingetosha kuufikisha hadi kwenye kambi hiyo.

Kwa anayetaka kuelewa ulinzi wa karne ya 19, naipendekeza ziara hii bila kusita, ila avae viatu imara na apande asubuhi. Kwa Watanzania, ambao wanajeshi wao walitumikia pamoja na wa Lesotho katika ujumbe wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) uliopelekwa Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2021, nusu iliyokosekana ina uzito uleule, na ningelipa zaidi ili kuisikia kutoka kwa kiongozi yuleyule.