Vidonge vya "kuua seli za mafuta" Dodoma mjini: maoni ya mkamua alizeti

Natoa nyota mbili kati ya tano. Zote mbili ni za mhudumu. Kidonge chenyewe sikipi hata moja.

Duka lipo mjini, si mbali na Soko la Majengo, linauza virutubisho, vipodozi na chai za kupunguza mwili. Aliyenipeleka ni wifi yangu. Alikuwa amesikia kuna vidonge vya mmea vinavyoua seli za mafuta mwilini, akataka nivitazame kabla hajatoa Sh 95,000 yake, kwa sababu mimi kazi yangu ni mafuta. Nina mashine ya kukamua alizeti Kizota, napokea magunia kutoka Kondoa, Chemba hadi Singida, na mafuta yaliyoharibika nayajua kabla sijayaonja.

Yule binti wa dukani ana adabu na ana subira. Alitupa viti, akatupa chupa tusome kwa nafasi, hakutuharakisha. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Mama, hivi vinaua seli zenyewe. Zikishakufa hazirudi tena."

Kwenye lebo imeandikwa CLA, kifupi cha Kiingereza cha aina ya asidi ya mafuta, kutoka mafuta ya kartamu, mmea wa jamii moja na alizeti. Vidonge 90, kila kimoja gramu 1, CLA asilimia 80. Hapa sikuwa mgeni. Asidi ya linoleiki ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti tunayokaangia kila siku. Kiwandani huyapasha moto pamoja na alkali, vifungo vya kemikali ndani yake vinahama nafasi, inatoka CLA ya aina mbili karibu nusu kwa nusu. Aina ya kwanza tunaila tayari kwenye nyama na maziwa ya ng'ombe na mbuzi. Aina ya pili ndiyo yenye sifa ya kuua seli.

Na kuua inaua kweli, wala sitaki kumsingizia binti wa watu. Mwanangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), alinisaidia kupitia tafiti. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walieleza jinsi panya waliolishwa CLA walivyopungukiwa mafuta, na seli zao za mafuta zilikuwa zinajiua kwa utaratibu, yaani seli inajivunja yenyewe kutoka ndani. Maabara za Marekani zimeona jambo hilo hilo kwenye seli zilizokuzwa katika vyombo, kwa kutumia kiini cha kitunguu saumu kiitwacho ajoene, na pia utomvu wa mti wa guggul wa India, ambao ni jamaa wa miti ya manemane iliyojaa kwenye mapori yetu makavu.

Lakini panya wale wa Japani maini yao yalivimba yakajaa mafuta, na insulini, homoni inayoshusha sukari, ikapanda kwenye damu. Hilo kwenye lebo halipo. Mimi halinishangazi. Ukilitoboa dumu, mafuta hayapotei, yanamwagika kwingine. Seli ya mafuta ni ghala. Ukila kidogo na kutembea, ghala linapungua, mwili unaunguza kilichokuwemo, seli inabaki imesinyaa. Ukiiua ikiwa imejaa, mzigo wake unatafuta pa kukaa, na ini liko karibu.

Hilo la "hazirudi" nalo si kweli. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2008 kuwa idadi ya seli za mafuta kwa mtu mzima hukaa karibu palepale, kwani kila mwaka takribani asilimia 10 zinakufa na nyingine mpya zinachukua nafasi, awe mtu mnene au mwembamba. Hata waliopungua sana kwa upasuaji wa tumbo, seli zao zilisinyaa tu, hesabu haikushuka.

Kwa binadamu matokeo yamepimwa. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliokusanya majaribio mengi ulipata kuwa gramu 3.2 za CLA kwa siku zinapunguza mafuta kwa gramu 90 hivi kwa wiki. Kipimo hicho ni vidonge vinne vya chupa hii kwa siku, kwa hiyo chupa inaisha kabla ya mwezi, na kilichopungua hakifiki nusu kilo. Kwa Sh 95,000! Fedha hiyo inanunua madumu mawili ya lita 5 na chenji ya mboga.

Kilichonikera zaidi ni dirisha. Chupa zimepangwa kwenye kioo kinachopigwa jua la mchana, na jua la Dodoma mnalijua. Mafuta ya namna hii huharibika upesi kwa joto na mwanga. Walikuwa na chupa ya maonyesho imefunguliwa, nikaomba kidonge kimoja nikakitoboa kwa pini. Tone la njano hafifu likatoka, nikalisugua kwenye ukucha wa dole gumba. Harufu ilikuwa ile ya dumu lililosahaulika nje, kali, inakaba kooni. Mteja akinipa mbegu zenye harufu hiyo nazirudisha.

Wifi yangu ana sukari. Mwaka 2002 huko Sweden, wanaume wenye vitambi waliopewa ile aina ya pili peke yake, miili yao ilizidi kuikataa insulini. Nilipomsomea hilo aliiweka chupa mezani mwenyewe. Mwenye sukari au tatizo la ini asivimeze kabla hajaongea na daktari wake.

Kuna jambo baya kuliko vidonge. Ukutani wamebandika tangazo la "sindano ya soya ya kuyeyusha kitambi". Dawa ya aina hiyo inachanganya lesithini ya soya na chumvi ya nyongo, na watafiti waligundua kuwa inayopasua seli ni ile chumvi ya nyongo, kama sabuni inavyokata mafuta. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2010 juu ya sindano hizo baada ya watu kupata makovu ya kudumu na vinundu vyenye maumivu chini ya ngozi. Mwaka 2015 iliruhusu asidi ya nyongo, ile inayotoa chumvi hiyo, peke yake bila soya, kwa mafuta ya chini ya kidevu tu, ichomwe na mtaalamu wa afya. Kitambi hakimo kwenye ruhusa hiyo.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho, akazihamisha chupa kwenye kabati la ndani nikiwa bado nimesimama pale. Tangazo alisema hana mamlaka nalo. Basi mwenye duka ukisoma hapa, lile tangazo la sindano naomba ulibandue.