Nimepima mafuta ya mchaichai maabara: uzoefu wangu na ushauri kwa watengeneza sabuni

Nianze na bei, maana ndiyo inayowatisha wengi wetu tunaotengeneza sabuni na losheni hapa Mwanza. Kupima sampuli moja kulinigharimu karibu sawa na lita nzima ya mafuta yenyewe. Ni hela nyingi kwa biashara ndogo. Hata hivyo nitapeleka tena, na yeyote anayenunua mafuta ya mimea kwa jumla namshauri apeleke, ila asikubali kupimiwa kwa mashine moja tu. Hapo ndipo hela inapopotea.

Mafuta ya mchaichai nanunua sehemu mbili: kwa mama mmoja wa Magu anayekeneka mwenyewe, na kwenye duka moja la mjini ambalo bei iko chini na mzigo haukosekani. Sabuni za mafuta ya dukani zilikuwa zinatoka laini kupita kiasi, na harufu ilififia mapema. Nikidondosha tone kwenye karatasi, kesho yake bado kuna doa la mafuta, wakati tone la Magu limeshapaa. Muuzaji aliapa kwamba mafuta ni safi. Nikataka jibu lisilotegemea kinywa cha mtu.

Mapokezi ya maabara yalikuwa mazuri. Kabla sijapeleka waliniambia nitumie chupa ndogo ya kioo cheusi, nijaze hadi juu na kufunga vizuri. Mwanga na hewa huharibu sitrali, ambayo ndiyo kampaundi kuu inayoupa mchaichai harufu yake. Plastiki nayo huachia kemikali za kulainishia zinazoitwa ftalati, zikaja kuonekana kwenye majibu kana kwamba zilikuwa ndani ya mafuta.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya kromatografia ya gesi iliyounganishwa na kipima tungamo. Kiasi kidogo sana cha sampuli hudungwa mahali penye joto kali, hugeuka mvuke, kisha gesi ya heliamu huusukuma ndani ya mrija wa mita 30 wenye tundu la robo milimita. Kila kampaundi hupita kwa mwendo wake, kulingana na inavyopaa na inavyong'ang'ania utando wa ndani ya mrija, kwa hiyo hutoka moja baada ya nyingine. Zikitoka hupigwa na elektroni zenye nishati ya elektronivolti 70, molekuli huvunjika, na mashine hupima uzito wa vipande. Mpangilio wa vipande ndio unaolinganishwa na kumbukumbu za kompyuta.

Kijana aliyenihudumia alinikalisha mbele ya skrini na kunionyesha mchoro wenye vilele viwili virefu vilivyo jirani, kila kilele kikiwa kampaundi moja iliyotoka. Sitrali ni kampaundi mbili, nerali na geraniali. Zote ni C10H16O, zote zina uzito wa 152, na zote zikivunjika hutoa kwa wingi kipande chenye uzito wa 69. Kwa vipande peke yake kompyuta inaweza kuzichanganya. Kinachozitenganisha ni muda wa kutoka: kwenye mrija wa aina waliyotumia, nerali hutangulia. Nilifurahi sana kuona hilo, kwa sababu nilidhani kompyuta ikishataja jina basi mambo yamekwisha. Kumbe jina linahitaji ushahidi wa pande mbili.

Sasa ndiyo sehemu iliyonifanya niandike haya. Kwenye mashine hiyo, mafuta ya Magu na ya dukani yalionekana karibu sawa! Sitrali ilikuwa nyingi kwenye yote mawili, ndani ya kiwango cha kawaida cha mchaichai, kama asilimia 65 hadi 85. Ningeishia hapo ningemwomba muuzaji radhi. Yule kijana akasema, "Mama, asilimia hizi ni za vitu vilivyotoka tu. Kisichopaa hakihesabiwi." Akaweka tone kwenye mashine ya infraredi, na majibu yakaja papo hapo.

Infraredi haitenganishi kitu. Inamulika mafuta kwa mwanga usioonekana kwa macho, na kuonyesha ni vifungo gani vya kemikali vinanyonya mwanga huo, na wapi. Sitrali ni ya kundi la kampaundi linaloitwa aldehaidi, na kifungo chake cha kaboni na oksijeni hunyonya karibu na 1675 kwa kipimo cha mawimbi kwa sentimita. Mwanga ukinyonywa, mstari wa mchoro hushuka kama bonde, na mafuta ya Magu yalikuwa na bonde refu hapo. Ya dukani yalikuwa na bonde hilo, na pembeni yake jingine refu zaidi karibu na 1745, alama ya mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupikia ni mazito mno kupaa kwenye kromatografia ya gesi, hubaki pale sampuli inapodungwa au mwanzoni mwa mrija. Ndiyo maana mashine ya gharama kubwa haikuyaona na ile ya dakika chache ikayaona. Na ndiyo maana sabuni zangu zilikuwa laini: nilikuwa naongeza mafuta ya ziada bila kuambiwa.

Ukanda huu unajua uzito wa vipimo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu, na kromatografia ni miongoni mwa njia zinazotumika kusaka mabaki ya viuatilifu. Sisi wa sabuni na manukato tumebaki kunusa tu.

Malalamiko yangu ni mawili. Ripoti ilikuja kwa Kiingereza kitupu, jedwali la majina na asilimia, bila sentensi moja ya kueleza asilimia hizo ni za nini. Mtu asiyeketi na mtaalamu angeisoma vibaya kabisa. Pili, michoro yenyewe hawakunipa hadi nilipoiomba, na bila michoro huwezi kumpelekea mtaalamu mwingine aikague.

Kwa hiyo ukipeleka sampuli, sema mapema unataka vipimo vyote viwili na nakala ya kila mchoro. Peleka pia mafuta unayoyaamini, yaliyokenekwa ukishuhudia, yapimwe siku moja na yale unayoyatilia shaka.