Otomatiki ya bei ya kutupa kwa mbio za masaa mengi: lipi ununue

Kwenye mbio za 24 Hours of Lemons, zilizoanza California mwaka 2006, kanuni maarufu ni moja: gari lisizidi dola 500. Keji ya vyuma, kiti, mikanda na breki havihesabiwi. Majaji wakiona bei uliyowatajia haifanani na gari lililo mbele yao, unaanza na mizunguko ya adhabu. Kwa bajeti hiyo kila timu inakimbilia gia ya mkono, na hapo ndipo otomatiki zinapobaki bila mnunuzi. Mimi nasema nunua. Dereva mgeni hakosei gia akaipasua injini, hakuna klachi ya mguu ya kuunguza, na saa ya sita ya uchovu mikono yote miwili iko kwenye usukani. Ila jua unachonunua hasa ni giaboksi. Injini imekuja nayo.

Adui ni joto. Nguvu ya injini inapita kwenye oili ndani ya konvata, ile duara inayounganisha injini na giaboksi, kabla ya kufika kwenye gia, na konvata isipojifunga ili pande zake mbili zizunguke pamoja, sehemu ya nguvu hiyo inaishia kuwa joto tu. Oili inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 95. Ikivuka 120 inaanza kuungua, klachi za ndani zinateleza, na kule kuteleza kunaongeza joto jingine. Kwa hiyo, kabla hujafikiria rangi, tenga pesa ya rejeta ya oili inayojitegemea, isiyotegemea ile ya maji, na geji ya joto ambayo dereva anaiona bila kuinama.

1. Ford Crown Victoria ya polisi (P71). Hili ndilo la kwanza kwangu, na wala halikaribiwi. V8 ya lita 4.6, giaboksi ya 4R70W au mdogo wake 4R75, na tayari kiwandani lilifungwa kipoza oili, kwa sababu polisi huliacha likiunguruma saa nzima kisha wakalikimbiza ghafla. Lilitengenezwa hadi 2011, kwa hiyo spea zimejaa kwenye viwanja vya magari mabovu kote Marekani. Ubaya wake ni uzito: karibu kilo 1,900. Kwenye kona linayumba kama lori la mchanga, na pedi za breki utazinunua kwa katoni.

2. Lexus LS 400 ya 1990 hadi 1994. Giaboksi yake, A341E ya Aisin, kampuni ya Kijapani ya giaboksi, ni ya ukoo mmoja na zile zilizo chini ya Hilux Surf na Prado, na mafundi wa Dar na Nairobi hawahitaji kuhadithiwa kuhusu ukoo huo. Usumbufu uko kwingine: pampu ya usukani ikivuja inaidondoshea altaneta oili, na kompyuta ya injini inazeeka vibaya. Kagua hivyo viwili kwanza.

3. Volvo 940 Turbo. Giaboksi inaendeshwa na presha ya oili bila kompyuta, kwa hiyo fundi wa kawaida anaielewa. Zima ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa, kwa kitufe chake, uiache imezimwa mbio nzima.

4. BMW E36, ile 3 Series ya miaka ya tisini, ya otomatiki. Bodi tamu kwenye kona, giaboksi ya kawaida sana. Linunue kama tu umeshapata gia ya mkono ya kubadilishia.

Honda na Acura (chapa ya kifahari ya Honda) za V6 za 1999 hadi 2004 ziache: mwaka 2004 Honda yenyewe iliyarudisha karakana magari zaidi ya milioni 1 kwa sababu gia ya pili ilikuwa inapata joto kupita kiasi. Nissan za CVT, giaboksi inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia, pia ziache, hata ukipewa bure. Mkanda huo ukipata joto, kompyuta inakata nguvu katikati ya mbio.

Ukienda kuliangalia gari, chomoa kijiti cha oili ya gia unuse. Nyekundu ni nzuri, kahawia inavumilika, nyeusi yenye harufu ya kuungua ondoka. BMW hiyo haina kijiti, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka ya nne. Kisha endesha nusu saa hadi ipate moto, maana giaboksi mbovu nyingi zina adabu zikiwa baridi. Weka D ukiwa umesimama: ikichelewa kushika, huenda klachi za ndani zimekwisha.

Bakiza pesa ya breki pia. Otomatiki haisaidii sana kupunguza mwendo, kwa hiyo pitisha mabomba ya hewa hadi kwenye diski za mbele, na mwambie kila dereva azungushe mzunguko mmoja wa polepole kabla ya kuingia kujaza mafuta, kwa sababu pale injini lazima izimwe na oili inabaki na joto lake lote.