Jiwe la Kusagia la Askari wa Roma: Je, Lilistahili Uzito Wake?

Watazamaji wapendwa, karibuni. Bidhaa iliyo mezani leo ni nakala ya jiwe la kusagia ambalo majeshi ya Roma yalisafiri nalo: mawe mawili ya duara, la chini limetulia, na la juu lina tundu la kutilia nafaka katikati na mpini wa mti pembeni. Mengi ya mawe ya asili yalichongwa katika miamba ya volkano ya Mayen, Ujerumani, ambayo imejaa vitundu vidogo, hivyo uso wa jiwe unapolika vitundu vingine hufunuka na ukali wake haupotei upesi. Nakala hii pia ni ya jiwe la volkano, na jozi yake ina uzito wa takriban kilo 30.

Uzito huo ndio hoja yenyewe. Askari 8 walilala katika hema moja, na kwa kawaida walikuwa na nyumbu mmoja wa kuwabebea hema, vyombo na jiwe. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK, anaeleza kwamba askari wa miguu alipewa ngano ambayo kwa vipimo vyetu ni kama lita 35 kwa mwezi. Kwa siku haifiki kilo moja, au tuseme kibaba kimoja na kitu. Hema zima lilikula karibu kilo 7 kwa siku, kwa hiyo jiwe lilikalia mgongoni mwa nyumbu nafasi ya chakula cha siku 4.

Kwa nini basi hawakubeba unga? Unga hushika unyevu, hupata wadudu na kuvunda, ilhali ngano nzima iliyokauka vizuri hukaa miezi mingi. Zaidi ya hayo, ngano ilikuwamo mashambani mwa adui. Mwaka 55 KK, Caesar, jemadari wa Roma, alipokuwa Britania bila akiba ya kutosha, aliituma legioni (kikosi kikubwa cha jeshi) ya 7 kwenda kuvuna, na Wabritania wakawavamia wavunaji hao wakiwa wameweka silaha chini. Josephus naye, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 BK, akiorodhesha mizigo ya askari wa Roma, anautaja mundu pamoja na shoka na chakula cha siku 3. Mundu bila jiwe ungewaachia ngano ya kuchemsha tu, chakula ambacho mimi nisingependa kukila mwezi mzima.

Tuje kwenye usagaji. Mkupuo wa kwanza hutoa chengachenga. Ukizirudisha unapata unga wenye pumba, unaofaa mkate mzito. Ngano ya watu 8 inahitaji zaidi ya saa moja ya mikono inayopokezana, baada ya mwendo wa siku nzima, na chembe za jiwe huingia katika unga hata ukichekecha. Mpini wa nakala hii hulegea mara kwa mara. Mchongaji angeupigilia kabari.

Upungufu mkubwa ni kwamba jiwe halitatui suala la maji, na unga bila maji haukandiki. Mwaka 49 KK, karibu na Ilerda huko Hispania, Caesar aliyazingira majeshi ya Afranius na Petreius, majemadari Waroma waliokuwa wapinzani wake, hadi yakakosa maji, kuni, nafaka na malisho, yakasalimu amri bila pigano kubwa. Siki waliyoichanganya askari na maji ya kunywa iliyafanya maji mabaya yanyweke, lakini haikuyaleta pale yasipokuwapo.

Mshindani wa jiwe hili ni mkate mkavu uliookwa mpaka ukawa mgumu. Sheria ya Roma ya mwaka 360 BK iliagiza askari wapewe mkate huo siku mbili, na ya tatu mkate wa kawaida. Ni mwepesi na haudai kusagwa, ila lazima nyuma ya jeshi kuwe na matanuri, waokaji na maghala. Kwa kambi iliyo karibu na ghala ningeuchagua huo. Kwa jeshi linaloingia nchi ya adui wakati wa mavuno, ningebeba jiwe.

Anayetaka unga wa nyumbani apeleke nafaka mashineni. Anayetaka nakala kwa ajili ya darasa la historia asagishe kwanza kiganja cha ngano mbele ya muuzaji, kwani nyingine huchongwa kwa mapambo tu, na nyuso zake laini hazivunji punje.