Mashine ndogo ya randa: je, seremala wa kujifurahisha anaihitaji?

Kwa miezi minane nimeitumia mashine ya randa ya bei nafuu, ile ya kuwekwa juu ya meza na kupunguza unene wa ubao, yenye upana wa milimita 330 na mota ya wati 1,800, niliyoinunua hapa Mombasa kwa shilingi 62,000. Mimi si fundi wa kulipwa. Natengeneza vigoda, rafu na makasha jioni, katika banda lililo nyuma ya nyumba huku Kisauni.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo niliyoikwepa siku ya kununua. Karakana ya mbao ninayoitegemea, upande wa Kongowea, hunitoza shilingi 10 kwa kila futi ya ubao inayopita katika mashine yao kubwa. Ili bei ya mashine yangu irudi, bila kuhesabu umeme wala visu, ni lazima nipige randa futi 6,200, ilhali kwa mwaka mzima sidhani kama nafikisha futi 300. Anayenunua kwa nia ya kuokoa pesa anajidanganya.

Faida yake niliiona kwingine, nayo inatokana na hewa yetu ya pwani. Ubao uliotoka karakana ukiwa umenyooka, ukilazwa bandani wiki moja, upande mmoja hunywa unyevu kuliko mwingine na ubao ukatunga tumbo. Sasa naupunguza kwanza ubaki mnene kidogo kuliko ninavyotaka, nausimamisha ukutani siku kadhaa upate hewa pande zote, kisha naumalizia siku ileile ya kuunga. Kasha langu la mwisho lilikuwa na mbao nne za saiprasi zenye unene wa milimita 18 barabara, na maungio yakakaa bila kusuguliwa. Karakana, yenye wateja wanaosubiri mlangoni, haiwezi kunifanyia hivyo. Ubao wa inchi moja hurudi robo tatu ya inchi, wakati mwingine pungufu, na huna la kusema.

Lakini mashine hii hainyooshi ubao uliopinda, na hapa wengi hukosea. Rola zake huukandamiza ubao dhidi ya meza, visu vikapita, na ukitoka upande wa pili unarudia mpindo wake uleule, ila mwembamba zaidi. Lazima uso mmoja usawazishwe kwanza kwa randa ya mkono, au ubao ulazwe juu ya ubao mwingine ulionyooka na kutiwa kabari penye mwanya. Tena, inchi mbili hivi za kichwani na mkiani hulika zaidi, kwa sababu hapo ubao umeshikwa na rola moja tu. Mimi hununua mbao ndefu kidogo na kuzikata ncha baadaye. Mvule nao una vijiwe vya chokaa vilivyojificha katika nyuzi zake: ubao mmoja tu uliniachia mapengo katika visu vyote viwili, na mistari yake ikaonekana kwenye kila ubao uliofuata hadi nilipovigeuza upande wa pili wa makali.

Kuhusu kelele, jirani yangu aliuliza kwa upole kama nimefungua kinu cha kusaga unga. Bila vifaa vya kuziba masikio usiiwashe kabisa. Meza yake hushika kutu upesi kwa chumvi ya bahari, hivyo naipaka nta kila mwezi. Maranda huchukuliwa na mfuga kuku wa mtaani, na hilo halina malalamiko.

Kwa anayetengeneza kigoda kimoja kwa mwezi, ushauri wangu ni anunue randa ya mkono ya chuma namba 5, yaani ya ukubwa wa kati, jiwe zuri la kunolea, na aendelee kuilipa karakana. Mwenye kutengeneza makasha na droo, ambaye tayari anaweza kusawazisha uso wa ubao kwa mkono na ana banda lililo mbali na madirisha ya watu, ataitumia. Yangu siiuzi, ingawa randa ya mkono ningeinunua kwanza.