Matumizi ya kaya: utafiti wa kaya au hesabu za Pato la Taifa?

Kila tukiambiwa matumizi ya kaya Tanzania yamekua, ubishi huanza: namba imetoka wapi?

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) huingia hadi jikoni. Mama anaandika kwenye shajara fungu la nyanya, mafuta ya kupima, hata mchicha aliouchuma nyuma ya nyumba bila kulipa senti. Ndiyo maana ule wa 2017/18 uliweza kuonyesha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara umeshuka hadi asilimia 26.4 ya watu, kutoka 28.2 mwaka 2011/12. Lakini ni ghali, na huchukua miaka kurudiwa. Halafu watu huchoka kuandika. Chipsi mayai alizokula baba kijiweni haziingii daftarini, tusidanganyane.

Hesabu za Pato la Taifa hutoka kila mwaka, kwa takwimu zilizopo tayari. Ila mara nyingi matumizi ya kaya ni kile kinachobaki kwenye jumla baada ya kutoa vingine, kama matumizi ya serikali na uwekezaji, na makosa yote hurundikana humo. Wala hazijui nani kala nini.

Unafungua duka la jumla? Fuata Pato la Taifa, ukiondoa mfumuko wa bei. Unapanga bajeti ya kata? Shika utafiti wa kaya, hata ukiwa wa miaka kadhaa nyuma.