Testcontainers na Postgres: majaribio yangu yameacha kugombana

Natunza programu ndogo ya kupandisha hifadhidata kutoka toleo moja hadi jingine. Majaribio yake yote yalikuwa yakitumia hifadhidata moja ya Postgres. Jaribio moja likiongeza safu kwenye jedwali, linalofuata linaikuta pale na kuanguka. Kuyaendesha kwa pamoja hatukuthubutu, hivyo kila mzunguko ulikula dakika 20 hivi. Unaenda kununua chapati, unarudi, bado.

Nikahamia Testcontainers, maktaba ya msimbo ya kuwashia kontena (kisanduku cha muda chenye programu inayojitegemea). Inawasha kontena la Postgres kwa ajili ya majaribio, poti (namba ya mlango wa mtandao) inachaguliwa yenyewe bila kugongana na nyingine, na kazi ikiisha kuna msaidizi aitwaye Ryuk anayefagia mabaki. Ugomvi ukaisha siku hiyohiyo. Kasi nayo ikazidi kushuka! Kosa langu: kila jaribio nililifungulia kontena lake, na kuamsha seva nzima kwa jaribio la nusu sekunde ni hasara tupu.

Kilichoniokoa kimo ndani ya Postgres yenyewe. Sasa nawasha kontena moja, naendesha skripti za kujenga toleo la zamani mara moja tu, kisha kila jaribio linapata nakala yake kwa CREATE DATABASE jaribio_17 TEMPLATE toleo_la_zamani. Skripti hazirudiwi, data inanakiliwa ilivyo. Nimezima pia fsync (mpangilio wa kuhakikisha data imefika diskini) na kuweka data kwenye RAM. Umeme ukikatika, nitapoteza nini? Kwa majaribio manne kwa wakati mmoja, mzunguko hauzidi dakika 4.

Mitego ipo. Postgres haikubali kunakili hifadhidata ambayo mtu mwingine bado ameunganishwa nayo, na mimi nilikuwa nimesahau kufunga miunganisho yangu. Alasiri nzima ilipotea hapo. Halafu akaunti za watumiaji ni za seva nzima, si za hifadhidata moja, kwa hiyo majaribio mawili yanayounda mtumiaji wa jina moja yatagongana tu hata kila moja likiwa na nakala yake. Hayo nimeyaachia kontena la peke yao.

Kama bando lako ni la kuhesabu, pakua picha ya Postgres (image, kifurushi cha kuanzishia kontena) mapema ukiwa kwenye Wi-Fi. Wanaotumia MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, samahani: TEMPLATE huko haipo. Mradi wetu mmoja uko MySQL, na majaribio yake bado ni ya chapati.